Kisima cha Dolan

Ukimuuliza Noelene Tresidder yuko wapi, hatakuambia kaskazini wala kusini. Atakuambia yuko Kisima cha Dolan, au Geti la Ngamia, au pale lori la Petersen lilipoungua. Wafugaji wa huku ndivyo wasemavyo, chini na angani pia. Na yeye angani yuko kila asubuhi. Tangu macho ya mumewe Merv yaingie ukungu, ni yeye anayerusha kindege chao cha injini moja kukagua visima, maana kiangazi pampu ikikwama leo, kesho ng'ombe wanalala chini kwa kiu.

Merv bado anaendesha gari shambani. Watu wanashangaa, lakini siri ni sauti ya mkewe. Noelene akiwa juu humwongoza kwa redio ya shambani: kushoto, mzee, kuna korongo, nyoosha, simama. Hivyo ndani ya kindege kuna redio mbili, hiyo ya Merv na ile ya marubani, nazo zikisema pamoja, moja lazima ipunguzwe.

Mgodi ulipofunguliwa nyuma ya vilima, ndege za jeti zikaanza kuleta wafanyakazi kutoka jiji la Perth. Uwanja wao hauna mnara wala mwongozaji. Kila rubani hutaja redioni alipo na aendako, wenzake wakasikia, wakapishana. Mwaka jana Brodie, mtoto pekee wa Noelene, naye akapata kazi mgodini, akawa mmoja wa wanaoletwa na jeti.

Jumanne ile upepo ulikuwa umegeuka, jeti ikaja kutua kwa kupitia upande wa mashariki. Noelene akabonyeza redio.

"Tresidder hapa. Niko juu ya Kisima cha Dolan, nazunguka."

Akajibiwa kitu, hakukisikia vizuri. Merv alikuwa ameshaanza.

"We mama! Niende wapi sasa? Au umelala huko juu?"

Akapunguza redio ya marubani. "Kulia, mzee. Kulia! Hiyo ni kushoto, jamani, na mkono wako huujui?"

Hapo kivuli kikamfunika. Jeti ilikuwa mbele yake na juu yake, tumbo jeupe limejaa kioo chote, kisha ikainua pua ikapaa kwa mngurumo. Upepo ilioacha nyuma ukakipiga kindege kikalala ubavu, chupa ya chai ikaruka hadi darini. Alikinyanyua karibu na vichaka. Alipotua, hakuweza kufungua mkanda.

Merv alifika akipapasa bawa. "Nimesikia. Ilikuwa karibu?"

"Nimeona misumari ya tumbo lake, Merv."

Jioni Brodie akapiga simu kutoka kambini, anacheka.

"Mama, leo nusura unizike! Kuna punguani na kakindege kake katukatia njia. Vijana hapa wanamtafuta wamtandike."

"Waambie wasitafute mbali. Punguani huyo ni mama yako."

Brodie akacheka zaidi, kisha akasikia kuwa upande wa pili hakuna anayecheka.

"Mama. Hukusema uko wapi?"

"Nilisema. Kisima cha Dolan."

"Aa, mama," akasema taratibu. "Mama yangu."

Kesho yake akapiga simu rubani wa jeti mwenyewe, Kapteni Fairlie, sauti ya kijana.

"Taarifa ya tukio la jana nimeipeleka, na kosa langu limo. Nilipaswa kukuuliza tena ulipo. Lakini nisaidie, mama: Kisima cha Dolan kiko wapi? Nimeuliza mgodi mzima."

"Kila mtu anakijua."

"Kila mtu nani?"

Noelene akafungua kinywa awataje. Akina Petersen waliuza shamba, wakahamia pwani. Mjane wa Geti la Ngamia yuko nyumba ya wazee. Dolan mwenyewe kaburi lake limeota majani. Amebaki Merv, na yeye, na Brodie, ambaye hukaa viti vya nyuma vya jeti na haulizwi kitu.

"Kiko maili saba mashariki ya uwanja wenu," akasema mwishowe.

"Basi uko mlangoni pangu. Nilijua uko mahali, mama. Sikujua kuwa uko mbele yangu."

Brodie alipokuwa anarudi kutoka mapumziko, Noelene alikuwa tena juu ya kisima kile. Chini ng'ombe mwenye ndama alikuwa amenasa kwenye tope la birika la kunyweshea, na Merv yuko njiani na kamba, akiongozwa neno kwa neno. Redio ya marubani ikasema: jeti, mashariki, inashuka.

"Mzee, simama hapo ulipo," akasema. "Usisogee."

"Nisimame vipi? Yule anazama!"

Akamzima. Mara ya kwanza katika ndoa yao alimzima. Akageuza kindege, akashika redio ya marubani, akasema polepole kama mtoto anayesomeshwa: "Tresidder, maili saba mashariki, naelekea kusini, nawapisha."

"Tumekusikia, mama. Asante."

Jeti ikapita mbali, ikimeta juani, Brodie ndani yake. Noelene akaifuata kwa macho hadi ikagusa ardhi.

Aliporudi, gari la Merv lilikuwa limetumbukia korongoni gurudumu moja. Mzee hakusubiri. Alikuwa amesimama juu ya boneti, redio mkononi, uso juu, akimtafuta kwa masikio. Kule kwenye birika kunguru walikuwa wameshamshukia ng'ombe, na ndama amesimama peke yake.

Akaiwasha redio.

"Ulikuwa wapi?" Merv akauliza.

"Kusini. Maili nne."

"Kusini ya nini, Noelene? Niambie mahali. Kusini ya nini?"