Neno la Siri la Fundi Maganga

Maganga, fundi kompyuta wa Somanda, hakuwa mtu mbaya. Ila wivu, jamani, ulikuwa umemkaa kooni. Tangu Generoza afungue kibanda chake cha ufundi ng'ambo ya barabara, kila bodaboda ikisimama kule, Maganga huinua shingo kuangalia nani kashuka.

Siku hiyo akaja Nyanjige, katibu wa chama cha wakulima wa pamba kule Sapiwi. Laptop yake imegoma, na majina ya wakulima wote wa mkutano wa kesho yamo humo humo.

"Mwadila, mayu. Keti," Maganga akamsalimu kwa Kisukuma. Akachomeka flashi ya kuiwashia, akaingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguka kabla ya Windows. Lo! Mashine haitaki flashi, inataka diski yake tu, na Windows iliyomo imekufa. Mstari wa kubadilisha hilo umefifia, haubonyezeki. Akahangaika saa nzima, wapi!

"Fundi, kama imekushinda sema, niipeleke kwa Generoza."

Weee! Jina hilo lilimchoma. Nyanjige alipotoka kwenda kunywa chai, Maganga akaapa: kama ni kwenda kwa yule mwanamke, iende imefungwa, tuone huo ufundi wake. Akaweka neno la siri kwenye mipangilio ile, akaligonga kwa hasira.

Papo hapo mstari uliofifia ukakolea. Kumbe mashine ilitaka iwekewe neno la siri kwanza, ndipo ikubali kubadilishwa! Akaondoa kizuizi, akachagua flashi, ikawaka. Majina yote yapo.

"Kamwambie Generoza mafundi bado tupo," akajitutumua Nyanjige aliporudi.

"Nitamwambia. Si ndiye kanituma kwako? Nilianzia kwake, nikamkuta anafunga aende msibani. Akaniambia, 'Nenda kwa Maganga, yule ananizidi.'"

Miezi yote ile Maganga amemchukia mtu anayemsifu kwa wateja! Na bado, Mungu amsamehe, wivu haukutoka. Sasa alimwonea wivu hata kwa roho yake nzuri.

Ikabidi amwambie kuwa mashine ameiwekea neno la siri. Nyanjige akatoa kalamu. "Haya, nitajie neno la siri, nisije nikafungiwa nje."

Kulibadili ni kuizima mashine tena, na gari la Sapiwi lilikuwa linapiga honi.

"Andika," Maganga akasema, macho chini. "Generozakoma. Herufi ndogo zote."