Nilibadilisha kopo la oili kwa wivu, sasa anatukanwa mwingine

Admin, naomba unifichie jina, maana mume wangu naye anafuatilia ukurasa huu.

Nina miaka ishirini na sita, naishi Buswelu hapa Mwanza na mume wangu na watoto wawili. Mdogo bado ananyonya na hanipi usingizi, nikiandika hovyo mnisamehe. Mume wangu ni dereva teksi, anabeba abiria wa uwanja wa ndege. Gari ndilo linatulisha.

Kuna dada ana duka la spea. Ni Mhaya kama mume wangu, wametoka kijiji kimoja. Mimi ni Msukuma. Wakikutana ni Kihaya na vicheko, "waitu" hii, "waitu" ile, mimi nimesimama na mtoto mgongoni natazama midomo yao tu. Nikiuliza walichocheka, naambiwa ni mambo ya nyumbani. Nyumbani gani tena, jamani, na mimi ndiye nyumbani kwake?

Mwezi uliopita fundi alisema oili ya giaboksi ibadilishwe. Mume wangu aliacha gari gereji akaenda msibani Usagara, akaniagiza nichukue oili kwa huyo dada nimpelekee fundi. Nikamkuta amesuka, ananukia. Mimi blauzi imelowa maziwa. Akanipa kopo, akasema, "Mwambie fundi asiweke nyingine. Hilo gari nalijua, linachagua oili."

Analijua! Neno hilo lilinichoma mpaka barabarani. Nikaingia duka jingine, muuzaji akanihakikishia oili za magari ya otomatiki zote ni moja. Hiyo ndiyo niliyompa fundi. Kopo la yule dada nikalificha chini ya nguo chafu. Nilitaka gari likienda vizuri nimwambie mume wangu, unaona, maduka yapo mengi.

Halikwenda vizuri. Kwenye mlima linanguruma bila kusogea, gia ikiingia linashtuka mpaka abiria wanashika viti. Fundi akaimwaga ile oili, akasema hii siyo oili ya gari hili, na giaboksi imeshaumia.

Mume wangu alienda moja kwa moja dukani, akamtukana yule dada mbele ya wateja. Aliporudi akakaa karibu yangu, akanishika mkono. "Mke wangu, ulikuwa unaniambia sisikii. Yule mwanamke si mtu."

Miaka mitatu nimesubiri maneno hayo. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Juzi yule dada akanipigia. Hakugombana. Alisema, "Mama, kopo ulilibeba wewe. Wateja wananikimbia. Mwambie mumeo nilikupa lipi."

Sijamwambia. Gari limelala, mume wangu anashinda gereji, na jioni ananibembeleza kama siku za uchumba. Nikisema, nitampoteza, na wao watarudi kuelewana na kucheka. Wivu bado ninao, sidanganyi. Lakini kumwachia mtu aibu yangu nako siwezi.

Msinitukane, najitukana vya kutosha. Waliowahi kuungama kwa waume zao, mlianza na neno gani? Nishaurini, nimwambieje?