Aliyekagua Filamu kwa Kuipa Mgongo

Pale ofisini hakuna anayemwita kwa jina lake. Kuanzia mfagizi hadi mwenyekiti, ni Shangazi tu. Mimi peke yangu namwita Mama, kwa sababu nimeolewa na mwanawe. Tuseme niliolewa, maana mume wangu hayupo tena. Wezi walimuua sebuleni kwetu. Binti yetu alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Hakuona hata tone la damu. Alisikia tu, na tangu siku hiyo halali mlango ukiwa umefungwa.

Kazi ya Shangazi ni kukagua filamu na kusema nani aruhusiwe kuziona: watoto wote, kumi na tatu, kumi na sita, au watu wazima peke yao. Mimi ndiye ninayeziwasha. Wakaguzi wenzake wanaangalia mara moja, kisha haooo, kwenye chai. Yeye anataka mara mbili, na mara ya pili anageuza kiti, anaipa skrini mgongo, anasikiliza. Wanamcheka mpaka wanashika mbavu.

"Shangazi, leo filamu imekukosea nini?"

Naye huwajibu kwamba macho yameshamaliza zamu yao, sasa masikio nayo yafanye kazi.

Ikaletwa filamu ya shujaa mwenye kinyago, ile iliyokuwa ikisubiriwa na kila mtoto mjini. Binti yangu, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka kumi na tatu, alishabandika bango lake ukutani na kuniganda kama kupe: lini, mama, lini? Mara ya kwanza tuliipa kumi na sita kwa sababu ya damu. Msambazaji akaenda kuikata, akairudisha. Huo ndio mchezo wao, na unanichefua. Damu ikionekana, umri unapanda. Basi wanaifuta damu, wanaongeza giza, kipigo kinabaki palepale.

Safari hii matangazo yenye namba kumi na tatu yalikuwa yameshabandikwa mitaani, na mwenyekiti alikuwa ameshampa msambazaji neno lake. Tukaangalia. Pale shujaa anapomuua adui yake, ambapo mwanzoni tulionyeshwa kila kitu, sasa kamera ilibaki koridoni mbele ya mlango uliofungwa. Mtoto mdogo wa yule adui alikuwa amesimama nje, akisikiliza.



"Safi kabisa," mwenyekiti alisema. "Damu hakuna. Kumi na tatu, tumalize."

"Bado mara ya pili," Mama alisema. Alikuwa ameshageuza kiti.

"Shangazi, leo hapana. Watu wanasubiri nje."

"Mwanangu, rudisha pale kwenye mlango. Zima picha, uache sauti."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ukigusa hicho kitufe, kesho usije kazini."

Niliogopa, nisiseme uongo. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikituweka mjini. Lakini akilini nilimwona binti yangu ameketi ukumbini, bisi mkononi, taa zimezimwa, na mlango ule unafungwa mbele yake. Nikazima picha.

Ikabaki sauti. Kitu kizito kikigonga ukuta. Mtu akiomba, maneno yakikatika. Kisha kimya, na upande wetu wa mlango pumzi za mtoto, za harakaharaka. Hakuna aliyecheka. Yule mkaguzi mwenye maskhara kuliko wote alisema kwa sauti ndogo, "Washa taa, tafadhali." Nilipowasha, Mama alikuwa bado ametupa mgongo, mabega yanamtetemeka.

Mikono ikanyooshwa: kumi na sita. Wa mwenyekiti haukunyooshwa. Alitoka bila kuniambia kama kesho nirudi au nisirudi.

Habari zilitutangulia nyumbani. Binti yangu alitupokea amevimba kwa hasira.

"Bibi, ni wewe! Umeninyima makusudi. Mimi si mtoto!"

Nilitaka kumtuliza kwa uongo wowote, kwamba filamu yenyewe ni mbovu, inachosha. Mama akanikata jicho. Akaingia chumbani kwa mjukuu wake, akaketi kitandani chini ya bango.

"Wamefuta damu yote," akamwambia. "Mahali pake wameweka mlango. Umefungwa, na mtoto yuko nje anasikiliza."

Binti yangu aliuangalia mlango wa chumba chake, uliokuwa wazi kama siku zote. Hasira ikamtoka usoni.

"Anasikia yote?"

"Yote."

"Na hakuna anayekwenda kumchukua?"

"Hakuna, mjukuu wangu. Filamu inaendelea tu."

Akajilaza begani kwa bibi yake. Mimi nilikuwa bado nimesimama nje. Siku ile baba yake anauawa, mimi na Mama tulikuwa kazini, tukikagua filamu. Nikaingia, nikakaa upande wake wa pili.