Misa Haikuonekana

Najua mtanicheka, na nyie wa Levolosi mlishanicheka mpaka mkachoka, lakini bora niwaeleze mwenyewe kuliko mhadithiwe na wanajumuiya, maana wale wanaongeza chumvi.

Mimi ni seremala. Mgongo ulinisumbua miezi mitatu, nikiinama kuinuka ni shughuli, mpaka daktari (binti mdogo tu, lakini kichwa anacho) akasema anahofia uvimbe kwenye uti wa mgongo. Eksirei inaonyesha zaidi mifupa, akanieleza, ila MRI inaona mpaka vitu laini vilivyojificha ndani. "Ikisema uvimbe hakuna, mara nyingi kweli hakuna. Ikiuona, pengine tutakata kinyama tupime ni wa aina gani." Mimi nilisikia kukata tu. Basi nikalala ndani ya lile bomba la mashine, linagonga utafikiri mafundi kumi wanapigilia bati, na baadaye nikapewa majibu kwenye bahasha iliyofungwa, nikaambiwa nimpelekee daktari Jumatatu bila kuifungua.

Nikaifungua. (Jamani, mgonjwa ana subira?) Kiingereza changu kinaishia kwenye vipimo vya mbao, na siku hiyo jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inasali nyumbani kwangu, kwa hiyo nikampa karatasi katekista wetu, mzee Polikarpi, ambaye siku zote hujisifu kwamba Kizungu alifundishwa na mapadri wa misheni. Akavaa miwani, akaruka mistari mingi, kisha uso ukambadilika.

"Hapa pako wazi. *No mass seen*. Misa haikuonekana."

Sasa muelewe, mimi na Mama Neema tumeishi miaka kumi na mitano bila ndoa ya kanisani, na kwetu mtu wa hivyo akifa anaogopa kuzikwa bila misa, halafu ile fomu ya hospitali iliuliza dini na hali ya ndoa, nami nikajaza ukweli mtupu. Nikajua basi, mashine imeona mpaka dhambi.

"Mzee, ina maana gani?"

"Ina maana ujiandae, mwanangu."

Niliogopa kweli, siwafichi, nikamwaza Neema wangu anabaki yatima. Nikapiga magoti na mgongo huohuo mbovu, nikaungama mbele ya watu ishirini kwamba cheti changu cha ubatizo, ambacho bila hicho padri hafungishi ndoa, kile nilichomwambia mke wangu kimepotea kwetu Rombo, hakijawahi kupotea, kimelala kwenye sanduku la randa ninazolainishia mbao. Nikakileta mwenyewe!

"Mae! Miaka yote hiyo?" akasema Mama Neema. Hakulia. Alikipangusa vumbi la mbao kwa kanga, akamkabidhi katekista kabla sijabadili mawazo, na kufikia jioni padri alikuwa amekubali kuharakisha ndoa iwe Jumamosi ya wiki iliyofuata kwa kuwa bwana harusi yuko hatarini, na shemeji zangu wa Ngaramtoni walishachagua mbuzi.

Jumatatu nikaenda na Mama Neema, daktari akasoma, nami nikamweleza ya misa. Alicheka mpaka akashika meza.

"Baba, hiyo *mass* ni uvimbe. Wanasema uvimbe haukuonekana. Ni misuli hiyo, acha kubeba mbao peke yako."

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Dakika moja baadaye nikakumbuka Jumamosi, nikaanza kusema labda sasa hakuna haraka, lakini Mama Neema akanikatiza.

"Daktari, hiyo mashine haikosei?"

"Inaweza kukosea, mama. Ila kwa picha hizi na nilivyompima, sina wasiwasi naye."

"Mungu ashukuriwe. Basi naomba kitu kimoja. Padri akikupigia kuuliza hali ya mgonjwa, usipokee mpaka Jumamosi ipite."

Ndiyo maana mliniona altareni na suti ya kuazima, padri ananitazama kwa huruma, na mke wangu ananishika mkono kama mtu anayenisaidia kusimama, kumbe ananizuia nisikimbie. Nimeapa: majibu ya hospitali asome daktari, katekista abaki na Injili.