Simu ya Osvaldo Bado Inafungua Kurasa

Kitendawili, nawe useme tega. Nyumbani kwangu nina dirisha lisilo na ukuta. Nikichungulia nje, aliye nje hunichungulia mimi. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Mikindani, nimefika Mikindani, nimekula pweza wao, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni kivinjari, kile chombo cha ndani ya kompyuta ambacho watu hufungulia kurasa za mtandao. Na kama unadhani ni mzaha, kaa kitako umsikilize Nilza Mateus.

Saa tisa alasiri, Mtawanya, pembezoni mwa mji wa Mtwara. Nilza, mwenye miaka thelathini na minne, ameketi kwenye steshenari anakofanya kazi: chumba kimoja, kompyuta moja, mashine ya fotokopi na feni inayozungusha joto tu. Mbele yake yupo Mzee Athumani, mkulima wa korosho, aliyekuja kujaziwa fomu ya cheti cha kuzaliwa.

Nilza anagusa nafasi ya jina. Kabla hajaandika herufi hata moja, jina linajitokeza lenyewe, la kijivu: Osvaldo Mateus.

Mzee Athumani anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Huyo si kaka yako aliyepotea?"

"Ndiye, babu."

"Basi mwambie anipishe. Mimi nimewahi foleni."

Wanacheka wote wawili, ila Nilza anacheka kwa midomo tu.

Osvaldo ndiye aliyeishika kazi hii kwanza. Miaka mitatu iliyopita alivuka Ruvuma kwenda kuuza mitumba upande wa Msumbiji, alikozaliwa babu yao. Aliaga siku nne. Tangu hapo namba yake haipatikani, na Nilza ndiye aliyekalia kiti chake. Siku nzuri huwajazia fomu watu kumi na watano, na kila fomu humwachia shilingi mia tano. Siku mtandao ukigoma, anaondoka na nauli.

Kugoma huko ndiko kulikoleta haya. Kivinjari cha zamani kilikuwa kizito. Fomu ya nusu saa ilifutika ukibakiza ukurasa mmoja, na wateja wakanuna. Mwezi uliopita Gideoni, fundi wa kompyuta, akamwekea kipya, akamwambia akijaribu kwa kazi zake za kila siku. Kikimshinda, arudi kwenye cha zamani. Kikaomba barua pepe. Nilza akakipa ya duka, ile aliyoifungua Osvaldo, ambayo watu wa mtaani wasio na barua pepe zao huitumia wote, kama kisima cha jirani.

Kikafunguka, chepesi kama unyoya. Pembeni kikaorodhesha vifaa vilivyoingia kwa barua pepe hiyo. Vilikuwa viwili: kompyuta ya duka, na simu ya Osvaldo. Chini ya simu paliandikwa kwamba imetumika dakika nne zilizopita.

"Nilihisi kama mtu amenipumulia shingoni," anasema Nilza. "Nikageuka. Nyuma yangu ni ukuta."

Tangu siku hiyo, karibu kila alasiri, simu ile hufungua kurasa, nazo huonekana pembeni mwa kioo cha Nilza. Bei ya mitumba. Matokeo ya mechi iliyochezwa mwaka juzi. Siku moja ilifungua fomu ileile aliyokuwa anaijaza Nilza, ikakaa nayo, ikaifunga alipoifunga yeye. Ilikuwa mchana kweupe, nje mama mmoja anakaanga mihogo na kutaniana na wateja, na Nilza ndani amesogeza kiti mbali na kompyuta.

Alijaribu kuzungumza nayo. Alihifadhi ukurasa kwenye orodha ambayo simu nayo huiona, akaupa jina: Osvaldo, ni wewe? Kesho yake maneno yale yalikuwa yamefutwa. Hakukuwa na lolote mahali pake.

Gideoni hataki kumpa tumaini. "Dada, simu huuzwa, simu huibwa," anamwambia. "Aliyeishika anaweza kuwa yeyote. Badilisha nenosiri, mfungie nje, upate usingizi."

Nilza anajua fundi anasema kweli. Ndani ya barua pepe hiyo mna karatasi za watu. Lakini akimfungia nje, uzi pekee uliobaki unakatika.

Na siku zimekwisha. Mjomba wao, Mauricio, anataka matanga yawekwe Jumamosi hii. Anasema mtu asiyeliliwa hubaki ukingoni mwa mto, hajui aelekee upande upi. Amemuuliza dada yake, Bi Zulmira, mama wa Nilza na Osvaldo: tuweke matanga au tusiweke? Amemuuliza mara nne. Mara zote nne mama ameendelea kupepeta mchele bila kuinua uso.

Leo Nilza amemwita mama dukani. Mzee Athumani akiwa anaondoka, Bi Zulmira anaingia, miaka sitini na minane, amejitanda kanga mpya kama anayekwenda kumpokea mgeni. Hajui kusoma. Anaketi mbele ya kompyuta, mikono mapajani, anakitazama kioo kama mtu atazamavyo mlango.

Wanangoja. Feni inalia. Halafu, kando ya jina la simu, kidoa cha kijani kinawaka.

"Inasema nini?" anauliza mama.

Nilza anasoma mara mbili kabla ya kujibu. Ni ratiba ya maji kujaa na kupwa kwenye mdomo wa Ruvuma, kule ambako mashua haivuki mpaka maji yajae. Imefunguliwa kwenye siku ya Jumamosi.

Nilza anasema kwenye kivinjari cha zamani harudi. Fomu za wateja atazihamishia barua pepe nyingine kuanzia kesho, lakini nenosiri la hii haligusi, na Jumamosi atakuwa kivukoni tangu asubuhi. Kama atashuka mgeni mwenye simu ya kaka yake, atamuuliza aliitoa wapi. Kama atashuka kaka mwenyewe, hilo hataki kulisema mapema.

Macho ya Bi Zulmira yako kwenye kile kidoa. Kinazimika. Anajifunga kanga vizuri, anasimama.

"Mpigie mjomba wako," anasema. "Mwambie matanga hapana. Maiti haulizi maji yanajaa saa ngapi."