Bangili Niliyoikaza Mkononi

Nakumbuka vizuri Jumanne ile Yeyo, mama yangu mzazi, alipotoka Kisaju na kibuyu cha maziwa akanikuta kazini Kitengela. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mwenye maringo, na maringo hayo, mwanangu, yalikuwa na sababu. Ofisi nzima ya wapima mashamba ilikuwa na laptopu moja tu, na aliyeitumia ni mimi.

Laptopu yenyewe ilikaa juu ya kaunta, kwa sababu mkubwa wangu alitaka wateja waione wakiingia. Mimi nilikalia kistuli kifupi. Basi nilichapa barua kutwa nzima mikono ikiwa juu, vifundo vya mikono vimekunjwa, vimeegemea ukingo wa kaunta. Mwaka haukuisha kabla ya kidole gumba cha mkono mmoja na viwili vinavyokifuata kuanza kufa ganzi. Sikumwambia mtu. Nani angemweka kazini mchapaji mwenye mkono mbovu?

Nikajitibu kwa ujinga wangu. Nilikuwa na bangili pana ya ushanga, iliyoshonewa juu ya ngozi, kazi ya Yeyo mwenyewe. Nikaikaza kwenye kifundo nikidhani itashikilia mfupa, na pia itaficha uvimbe. Wateja wakaisifu. Nami nikatabasamu huku mkono unaniwaka moto.

Yeyo hakuisifu. Jumanne ile alinimiminia maziwa, kikombe kikaniponyoka. Akaushika mkono wangu, akaona uvimbe kando ya bangili, kisha akatoa kisu na kuikata ile bangili aliyoishona kwa siku nyingi.

"Enkerai ai, mtoto wangu," alisema mbele ya wateja, "nani alikuambia hii ni dawa? Mimi nimeshona shanga tangu nikiwa msichana. Mkono ikichoka, niko na akili ya kuweka sindano chini. Hii mashine yako haiwachwangi?"

"Yeyo, watu wanangoja."

"Wacha wangoje. Huo mkono ikikufa, utaazima ya nani?"

Niliona haya, nikakasirika. Alipoondoka tu, nikaiunga ile ngozi kwa uzi, nikaikaza tena. Najuta mpaka leo. Nilichapa hivyo miaka mingine miwili, hadi nyama ya chini ya gumba ikaisha. Daktari alinipasua, akasema mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa muda mrefu mno, huenda vidole visirudi kuhisi kama zamani. Havikurudi. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Lile kovu la mguuni mwako, ambalo siku zote nimesema ulimwagikiwa na chai, si la chai. Ulikuwa na miezi mitatu. Nilitayarisha maji ya kukuogesha, nikayapima kwa mkono huu, nikaona ni vuguvugu. Mkono haukusikia kitu. Nilijua yanachoma ulipolia. Nimeishi na kile kilio, na uongo nilioutia juu yake kwa aibu.

Ndiyo maana jana nilikupigia kelele nilipokuona umelala kifudifudi kitandani, laptopu mbele yako, unakung'uta vidole kisha unaendelea. Nisamehe ile sauti, lakini neno lenyewe lishike. Keti mezani, kwenye kiti kinachokufaa, viwiko vikae kando ya mbavu, usawa wa kibodi. Kifundo kinyooke, kisiegemee ukingo wowote. Kila baada ya muda inuka, unyooshe mikono, hata kama mkubwa wako anangoja. Na vidole vikifa ganzi, sema siku hiyo hiyo, nenda kwa daktari, usijione shujaa.

Mungu akutunzie mikono yako yote miwili, mwanangu. Na siku utakapompimia mwanao maji, vidole vyako vikuambie ukweli.