Nyongeza Kwenye Kranki

Kigari changu kilikuwa kikiruka. Nasema kuruka, sitanii. Ukikiwasha hapo nje ya nyumba yetu Malindi, kinaanza kupiga magoti na kuinuka, na vikombe vya jirani vinaitikia kabatini. Ni kigari cha Kitaliano cha zamani, kidogo, cha silinda mbili. Nilikinunua kwa mzee mmoja Mtaliano aliyekuwa akirudi kwao, na nilikinunua kwa jasho la cherehani, kwa kushona nguo za maharusi wa watu. Miaka yote hiyo nimewavisha mabinti wa wenzangu, nikasimama mlangoni nikiwapungia mkono wakipelekwa kwa waume zao. Nikaapa kwamba wangu nitampeleka mwenyewe, kwa gari langu, mikono yangu kwenye usukani.

Basi binti yangu akaposwa, Kilifi, na watu wazuri. Nikamweleza nia yangu.

"Mama, wajua nakuheshimu," akasema. "Lakini hilo sipandi. Juzi nimekwenda nalo sokoni tu, nimerudi na hereni moja."

"Nitalitengeneza."

"Litengeneze. Likitulia, napanda. Lisipotulia, wakwe wameshasema watakodi lile jeupe refu la hoteli kule Kikambala, na dereva wake wa glavu."

Glavu! Nilipandwa na hasira hata nikavunja sindano. Mtu wa glavu ndiye ampeleke mwanangu?

Nami vyuma navijua. Marehemu baba alikuwa fundi wa pikipiki, kwa hiyo niliizoea grisi kabla sijavizoea vitambaa. Nikafungua injini, na ugonjwa nikauona siku hiyohiyo. Fundi aliyepita alikuwa ametia pistoni za gari jingine, nzito kuliko za asili, akafunga, akaenda zake. Katika injini ile pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Chini yake kuna kranki, chuma kizito chenye viwiko, na pistoni ndizo zinazoizungusha. Mkabala wa kila kiwiko kuna nundu ya chuma ya kushindana na uzito wa pistoni. Sasa pistoni zilikuwa zimezidi uzito na nundu ni zilezile, ndiyo maana gari likaruka.

Na kuna jambo ambalo baba alilirudia mpaka likanichosha masikio. Usiulipe uzito wote wa pistoni kwenye nundu, lipa nusu tu. Ukiulipa wote, injini itaacha kuruka juu na chini, itaanza kuyumba kulia na kushoto. Alisema tetemeko la injini namna hii halimaliziki, unaligawa tu, kidogo huku na kidogo kule, mpaka mtu aliyekaa ndani asiwe na la kulalamikia.

Msaidizi wangu alikuwa mume wangu, na mume wangu ni mwema kupita kiasi. Maisha yake yote alikuwa na duka la nafaka na viungo, na sifa yake mji mzima ilikuwa nyongeza. Akishakupimia kilo ya mchele, mizani imetulia kabisa, anachota konzi nyingine anakutilia juu, anasema, "Hii ya watoto." Duka alilifunga zamani, mizani akabaki nazo. Ile ndogo ya shaba, aliyokuwa akipimia iliki, ndiyo tuliyopimia pistoni.

Kazi tuliifanyia sebuleni, maana meza yangu ya kukatia nguo ndiyo kitu pekee nyumbani kilicho sawa. Nikalaza juu yake vyuma viwili vyembamba, sambamba, nikaweka pima maji, nikachomeka karatasi chini mpaka kipovu kikakaa katikati. Juu ya vyuma hivyo tukailaza kranki, iviringike inavyotaka, kwa sababu upande mzito hushuka wenyewe. Kwenye viwiko tungefunga vifuko viwili vya jinzi nilivyovishona mwenyewe. Vilikuwa vya kushika nafasi ya pistoni, vyenye punje za risasi, ile wanayofungia nyavu, kwa uzito ule wa nusu niliokwisha kuuhesabu.

"Mimina mpaka mizani itulie," nikamwambia mume wangu, "kisha ufunge." Nikaenda kumfungulia mteja mlango.

Baada ya hapo ilikuwa ni kutoboa matundu kwenye nundu, kuyajaza risasi iliyoyeyushwa, kuyaziba kwa parafujo, na kurudi mezani kupima. Tukapima, tukaongeza, tukapima. Mwisho nikaisukuma kranki kwa kidole, ikasimama palepale nilipoiachia. Nikaigeuza juu chini, ikasimama. Nikailaza ubavu, ikasimama. Subhanallah! Nilipiga kigelegele peke yangu, mume wangu akaanza kucheza, nami nikacheza naye tukiizunguka meza, watu wazima wenye magoti mabovu, hata binti akatoka chumbani kuuliza kuna msiba au kuna heri.

Tukafunga injini. Nikawasha, binti kaketi pembeni yangu.

Hakikuruka. Wallahi, hakikuruka hata chembe. Kilianza kukata kiuno! Chakacha tupu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, taa za mbele zinacheza, vioo vinacheza, na sisi ndani mabega yanagongana. Binti alicheka mpaka akatokwa na machozi. Wanawake wa mtaa wakatoka nje, mmoja akaanza kupiga makofi kufuata mdundo, mwingine akajifunga leso kiunoni akaingia uwanjani.

Nikazima. Nikamtazama mume wangu.

"Kwenye vifuko ulitia kiasi gani?"

"Kama ulivyosema."

"Halafu?"

Akakuna kichwa. "Halafu konzi mojamoja. Nyongeza tu, mke wangu."

"Nyongeza ya nani? Pistoni zina watoto?"

"Niliona mizani imekaa kavukavu, nikaona haya."

Lahaula! Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena kwa sababu nimecheka. Mtu amewashibisha watoto wa mji huu kwa konzi ileile, sasa nimgombeze vipi?

Binti akajifuta macho. "Mama, basi tena. Mwache yule wa glavu aje." Aliyasema kwa upole, na upole wake ukanichoma kuliko kama angenifanyia ukali. Harusi ilikuwa keshokutwa.

Asubuhi tukaifungua injini upya. Mume wangu alizitoa nyongeza zake mwenyewe, punje kwa punje, kwa uso wa mtu anayemnyang'anya mtoto andazi. Nami nikawa naichimba risasi niliyoijaza jana, kidogokidogo, huku wageni wanaingia na masinia, wananiruka miguu. Shikamoo, marahaba, sogeza chuma hicho, sufuria za biriani ziwekwe wapi? Shangazi mmoja wa binti alitaka meza ile ya kupangia maua. Nilimfukuza, na mpaka leo amenuna. Alasiri kranki ikasimama tena. Safari hii hatukucheza, tulifunga injini na kuomba Mungu.

Siku yenyewe, nikaha imeshasomwa msikitini, gari jeupe likaja likasimama mbele ya nyumba, refu mno, na mtu wa glavu akafungua mlango wake. Mimi nikawasha changu nyuma yake. Kikatetemeka kidogo huku, kidogo kule, kikatulia katika mngurumo wake mdogo. Binti akatoka na hina yake na shela lake. Akalitazama lile, akalitazama hili. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akasikiliza muda, kisha akakusanya shela akaja kuketi pembeni yangu.

Kwa hiyo mume wangu ndiye aliyepanda lile refu, peke yake, akiwapungia watu mkono kama mbunge.

Tulipita Gede, tukapita Matsangoni, polepole, msafara mzima umekwama nyuma yetu unapiga honi. Tuliimba kila wimbo tuliokuwa tukiimba alipokuwa mdogo, na maneno tuliyoyasahau tuliyatunga. Nilikuwa na furaha hata nikaogopa. Kisha ikawa Kilifi, na nyumba ya wakwe, na watu wamejaa mlangoni, vigelegele, moshi wa udi. Nikapunguza mwendo.

Binti akanishika mkono. "Pita, Mama."

"Nipite wapi? Watu wanatungoja!"

"Twende mpaka darajani, tukageuze huko." Akavuta pumzi. "Nikishuka hapa, basi nimeshuka."

Nikakanyaga mafuta. Vigelegele vilikatika njiani, mama mkwe akabaki na chetezo mkononi, na nyuma yetu lile gari refu likasita, halijui lisimame au lifuate. Tulikuwa tunacheka, tunalia, sijui lipi zaidi. Tukalipanda daraja, vioo vyote chini, shela lake linapepea nje.

Ng'ambo ya daraja palikuwa na uwanja mpana wa kugeuzia. Nikaupita.